Kutoka Ngomeni hadi chini ya miamba

Mwaka 1933 mwanafalaki Fritz Zwicky alipima mwendo wa galaksi katika kundi la Coma, akaona zinakwenda kasi kupita kiasi: uzito unaoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Akadai kuna maada ya giza. Wenzake walisita, na hawakukosea kusita, kwani huenda kundi lenyewe lilikuwa linasambaratika.

Ushahidi wa namna nyingine ulianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, nayo ikaitwa Uhuru. Pwani hiyo ilifaa kwa kuwa karibu na ikweta roketi husaidiwa na mzunguko wa Dunia, na setilaiti hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Uhuru iligundua kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei, tena katika eneo pana mno.

Eksirei hizo zinatoka wapi? Wengine walidhani ni elektroni za kasi zinazogongana na mwanga. Wengine, gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Ariel 5 ya Uingereza, iliyorushwa Ngomeni hapo hapo mwaka 1974, ilikata shauri: mwaka 1976 alama ya chuma ilitambuliwa katika eksirei za kundi la Perseus, na hiyo ni dalili ya gesi. Lakini gesi ya moto hivyo ingekwisha kutoroka zamani, isipokuwa imeshikwa na uzito unaozidi wake na wa galaksi zote.

Mwaka 1985 wanafizikia Goodman na Witten walipendekeza kusubiri chembe ya maada ya giza igonge kiini cha atomi, kisha mtikisiko upimwe. Ni kazi ya subira: kwa makadirio ya kawaida, ndani ya Dunia nzima imo nusu kilo na ushee tu. Miinuko kama Oldonyo Sambu, ubavuni mwa Mlima Meru, Tanzania, haifai hata kidogo, maana mionzi ya anga, ambayo nayo hutikisa vipimo, huongezeka kadiri unavyopanda. Ndiyo sababu mwaka 1987 watafiti walikuwa ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, Marekani.

Tangu miaka ya 1990 jaribio la DAMA, lililotumia fuwele chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, limedai kuona ishara inayopanda kila Juni. COSINE-100 na ANAIS, ambazo pia ni majaribio, kwa fuwele za aina ile ile, hazikuiona. Mimi naziamini hizi. Mitambo ya LZ, iliyotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2022 kutoka Homestake kwa tani 7 za zenoni ya kimiminika, haijapata kitu. Na mwaka 2024 mitambo ya zenoni ya Italia na China ilianza kuona dalili za neutrino za Jua, ambazo migongano yake hufanana mno na ile inayotafutwa.