Barua Isiyo na Mwenyewe



Leo tunazungumza juu ya neno lisilo na mwenyewe. Nani katika mji wa Goma hajasikia habari ya karatasi iliyosukumwa usiku chini ya mlango, bila jina, bila sahihi? Sisi huziita trakti. Siku hizi mara nyingi ni sauti tu inayopita kutoka simu hadi simu. Ikitoka alfajiri, saa nne soko la Birere limekwisha kuipata, hata wasiojua kusoma.

Turudi nyuma kidogo. Novemba 1990 gazeti Kangura, la Hassan Ngeze wa Gisenyi, pale ng'ambo ya mpaka wetu, lilichapisha maandishi yaliyodaiwa kupatikana Nyamitaba, katika Masisi, mwaka 1962. Yalisema kwamba Watutsi wana mpango wa siri wa kuitawala Kivu na nchi za jirani. Angalia vizuri, msomaji. Mwaka ulitajwa. Mahali palitajwa, tena mahali tunapopajua, mtu anaweza kupanda gari akafika. Kilichokosekana ni jina la mwandishi. Wanahistoria waliochunguza maandishi hayo wanayahesabu kuwa ya kughushi. Lakini utamwita nani kwenye barza aje kujieleza? Kukosekana kwa mwandishi ndiko kulikoyapa nguvu: kila mmoja alimweka pale adui anayemwogopa.

Ujanja huu haukuanzia kwetu. Mwaka 1903 Urusi zilichapishwa karatasi za namna hiyo juu ya Wayahudi. Mwaka 1921 gazeti The Times la London lilionyesha kwamba sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kitabu cha Kifaransa cha 1864, ambacho hakikuwahusu Wayahudi hata kidogo. Watu waliendelea kuziamini.

Sisemi kwamba maandishi ya Nyamitaba ndiyo yaliyowasha moto wa soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, uliofika Masisi na kuua maelfu. Ardhi, uraia na siasa za Mobutu zilikuwa na kuni zao. Nasema tu kwamba watu walikuwa wamekwisha kufundishwa kumwogopa jirani, na mwalimu wenyewe hawakumjua. Ngeze aliweka jina lake katika gazeti lake. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2003 kwa makosa ya mauaji ya kimbari, na rufani ya 2007 ikampa miaka 35. Mwandishi wa Nyamitaba hakuitwa mbele ya mwamuzi yeyote.

Mtasema: basi kila mtu atie sahihi. Polepole, ndugu zangu. Mwaka 1980 wabunge 13, Étienne Tshisekedi akiwa mmoja wao, walimwandikia Mobutu barua ya wazi wakatia sahihi zao. Walikamatwa, wakafukuzwa mbali na mji mkuu. Huko Bukavu, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waandishi wa Radio Okapi ambao majina na sauti zao zilijulikana nyumba hata nyumba, waliuawa kwa risasi. Na mama aliyeona watoto wake wakipelekwa msituni, je, utamlazimisha kutaja jina lake hewani, hali waliowachukua wako nyuma ya kilima?

Januari 2009, kule La Haye, kesi ya Thomas Lubanga wa Ituri ilianza. Shahidi wa kwanza, kijana, aliketi mbele ya mshtakiwa, na siku ile ile akayakana maneno yake. Majuma mawili hivi baadaye alirudi, safari hii akikingwa asionane naye, akasema. Sisi wananchi hatukupewa jina lake, lakini waamuzi walilijua, na mawakili wa mshtakiwa walilijua. Kwa sababu hiyo ushuhuda wake uliweza kupimwa, na mwaka 2012 waamuzi walisema hawawezi kuutegemea. Lubanga alipatikana na hatia kwa ushahidi mwingine. Uone tofauti: uso wa kijana ulifichwa, lakini maneno yake yalikuwa na mahali pa kuulizwa. Maneno ya Nyamitaba hayakuwa na mahali hapo.

Basi trakti ikikufikia, kabla hujampa jirani, jiulize: huyu anaficha jina ili asiuawe, au ili mwingine auawe?

Sisi wa kipindi hiki, mtu akija na ushuhuda, jina lake tunalijua wawili tu, na hewani tunasema «mama wa Rutshuru» au «kijana wa Walikale». Anayemshtaki mtu au kabila bila kukubali hata sisi tumjue, hatumsomi. Karatasi tuliyoikuta mlangoni juma hili, iliyotaja mtaa na kabila, hatukuisoma. Aliyeiandika anaweza kuja. Tuko hapa mpaka saa kumi na moja.