Safu ya Sita

Ndugu msikilizaji, na wewe uliyeketi ukilisoma somo hili, chukua kalamu na karatasi. Piga mistari upate safu sita. Katika safu ya kwanza andika jina la mzazi. Ya pili, umri wake. Ya tatu, mahali akaapo. Ya nne, siku aliyoshikwa na homa. Ya tano, kama alipona au alikufa. Safu ya sita iache wazi kwanza.

Sasa twende Aberdeen, mji wa bandari kaskazini ya Uskoti. Mwezi wa Desemba 1789 iliingia huko homa ya uzazi. Mwanamke alijifungua salama, mtoto akalia vizuri, nyumba ikafurahi. Siku ya pili au ya tatu mama akaanza kutetemeka kwa baridi, tumbo likamuuma hata haliguswi, na juma halijaisha watu wakachimba kaburi. Maradhi hayo yalikaa mjini hata Machi 1792.

Wenye elimu wa siku zile walikuwa na majibu mengi. Wengine walisema ni hewa mbaya. Wengine walisema ni maziwa ya mama yaliyopotea njia mwilini. Lakini alikuwako tabibu mmoja, jina lake Alexander Gordon, aliyezaliwa mwaka 1752. Zamani alitumika katika merikebu za vita, kisha akasoma ukunga London, akarudi kwao kutibu watu katika zahanati ya mji. Bwana huyu hakutosheka na majibu yale. Alifungua daftari, akaandika habari za wagonjwa wake 77, mmoja mmoja. Katika hao 28 walikufa.

Basi, ile safu uliyoiacha wazi, Gordon aliijaza hivi: nani alimzalisha?

Pitisha kidole chako katika safu hiyo, kutoka juu hata chini, kama alivyofanya yeye. Hewa ya mji ni moja, wote huivuta. Kama hewa ndiyo yenye kosa, homa ingepiga hodi nyumba zote sawasawa. Haikufanya hivyo. Iliwashika wanawake waliozalishwa au kuuguzwa na mtu aliyetoka kwa mgonjwa wa homa ile ile, wengine iliwapita. Mkunga mmoja aliondoka nayo mjini akaipeleka kijijini, na wazazi wa mkunga mwingine wa kijiji kile kile wakawa salama. Mwishowe Gordon akisikia tu jina la mkunga aliyeitwa, aliweza kubashiri kama mzazi yule ataugua, na mara nyingi haikuwa vingine.

Lakini katika safu hiyo ya sita lilikuwamo jina lake mwenyewe. Hakulifuta. Alikiri kwa maandishi, ingawa kwa uchungu, kwamba yeye mwenyewe alikuwa njia ya kuwapelekea wanawake wengi maradhi yale. Fikiri, msikilizaji: mtu umekwenda usiku katika baridi kumsaidia mwanamke, umerudi nyumbani ukishukuru, kisha daftari lako mwenyewe linakuambia uliingia na mauti katika mikono na nguo zako.

Mwaka 1795 alichapisha kitabu, na majina ya wakunga yakawamo. Mji ukachafuka. Wanawake aliowahudumia miaka mingi wakamgeukia kwa hasira. Mimi nawahurumia wale wakunga, maana hawakuwa na njia ya kujua, na kazi yao ndiyo riziki yao. Kuona jina lako limechapwa kando ya maiti si jambo dogo. Mwaka ule ule Gordon alirudi katika merikebu za vita. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1799, umri wake miaka 47.

Usidhani kila alilosema lilikuwa kweli. Dawa aliyoisifu sana ilikuwa kuwatoa wagonjwa damu nyingi, na leo twajua ni kosa. Lakini alipoagiza nguo na matandiko ya mgonjwa yachomwe moto au yasafishwe, na tabibu na muuguzi waoge vizuri na kufukiza nguo zao, hapo alikuwa mbele ya wakati wake.

Vienna ilibidi ijifunze upya. Mwaka 1846, katika hospitali moja yenye wadi mbili za uzazi, wadi ya madaktari na wanafunzi wao ilipoteza akina mama zaidi ya 11 katika kila 100; wadi ya wakunga haikufika 3. Wanawake walijua, wakasihi wasilazwe katika wadi ya kwanza. Ignaz Semmelweis aliuliza swali la safu ya sita: mikono hii imetoka wapi? Ilitoka kupasua maiti. Mei 1847 akaamuru inawiwe kwa maji ya chokaa yenye klorini, na vifo vikashuka. Naye alipingwa vikali. Viini vyenyewe vilionyeshwa na Louis Pasteur mwaka 1879.

Huko New York, mwaka 1933, ilitoka taarifa juu ya vifo 2,041 vya akina mama vya miaka mitatu. Wachunguzi walisema theluthi mbili vingeweza kuzuiwa. Madaktari wengi walikasirika.

Uingereza ilishika njia nyingine tangu mwaka 1952. Kila kifo cha mzazi huchunguzwa, lakini majina huondolewa kabla wakaguzi hawajasoma, ili muuguzi aliyekuwako aseme kweli bila hofu. Kenya imefuata njia hiyo. Uchunguzi wake wa kwanza ulipitia vifo 484 vya mwaka 2014, ukaona kwamba akina mama zaidi ya tisa katika kila kumi hawakupata huduma iliyopasa. Sababu iliyoongoza ilikuwa kuvuja damu. Kwa hiyo safu ya sita sasa ina maswali mengi: alifika saa ngapi? Daktari aliitwa saa ngapi, akaja saa ngapi? Damu ya kumwongeza ilikuwako?

Kabla ya somo lijalo, nenda kamwulize mkunga au muuguzi wa karibu nawe: mzazi akifa hapa, huandikwa katika daftari gani, na nani hulisoma? Andika jibu lake chini ya safu zako sita, uje nalo darasani.