Kompyuta Inapokataa Kuandika

Duka likifungwa ili mali ihesabiwe, wateja hunung'unika. Lakini mwenye duka akiendelea kuuza huku anahesabu, hatajua kamwe kipi kimeuzwa na kipi kimeibwa. Iko mitambo ya kompyuta yenye desturi hiyo hiyo, nayo hulaumiwa bure.

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, huko New Jersey, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ili kazi iende upesi, Unix haikuandika kila jambo kwenye diski papo hapo. Mengi yalikaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, na ikawa desturi kuyateremsha kwenye diski kila baada ya sekunde 30. Umeme ukikatika kabla ya hapo, hesabu za diski hazilingani: faili linashika nafasi ambayo orodha inasema ni tupu.

Miaka ya mwanzo fundi alirekebisha kasoro hizo kwa mkono, akisaidiwa na programu kama icheck na dcheck. Akikosea kidogo, faili limepotea. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Kowalski wa Bell aliandika programu iitwayo fsck, ambayo hukagua diski nzima kwa utaratibu. Baadaye Marshall Kirk McKusick wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliiendeleza.

Hata hivyo, daftari halikaguliwi huku mtu analiandika. Ndiyo maana mifumo mingi ya ukoo huo, pamoja na Linux iliyoanza mwaka 1991, inapowashwa hufungua mzizi wa mafaili yake kwa kusoma tu. Ukaguzi ukienda salama, ruhusa ya kuandika hutolewa. Ikionekana kasoro kubwa, mashine husimama na kumsubiri fundi.

Hapo ndipo haraka inapoleta hasara. Mkubwa wa ofisi anadai orodha ya mishahara, na fundi anaijua amri ya kulazimisha: mount -o remount,rw /. Pengine mashine itakubali. Lakini faili jipya laweza kupewa nafasi ya faili la zamani, na la zamani lisirudi tena.

Fundi mwenye busara hukumbuka kwamba mashine iliyozuia kuandika bado inaruhusu kusoma. Kwanza hunakili mafaili muhimu kwenye diski nyingine, hasa akishuku kwamba diski yenyewe imeharibika. Kisha huendesha fsck, na mwisho kabisa ndipo hutoa ile amri ya kuandika.

Mifumo ya baadaye, kama ext3 ya Linux ya mwaka 2001, huweka kwanza kumbukumbu ya mabadiliko yanayotaka kufanywa, hivyo ukaguzi mrefu umepungua. Haujaisha. Kwa hiyo, ndugu zangu, fundi akisema "subirini kwanza," tumpe nafasi. Mishahara ikichelewa saa mbili italipwa. Orodha yake ikifutika, tutamdai nani?