Saa Ishirini za Mwanafunzi Mgeni

Nchi nyingi zinazopokea wanafunzi wa kigeni huwawekea kikomo cha saa za kufanya kazi, mara nyingi saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Tunaambiwa kwamba kikomo hicho kimewekwa ili mwanafunzi asome kwa utulivu. Maelezo hayo yana ukweli, ila si ukweli wote. Nikiitazama historia yake, naona kwamba mpaka huo husogezwa zaidi na soko la ajira la mwenyeji kuliko na haja ya mgeni.

Tuanze na Marekani. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1924 iliyafungia mlango mataifa mengi, lakini ikamwachia mwanafunzi upenyo, kwa sharti kwamba aende kusoma tu. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alifika huko mwaka 1925, akajisomesha kwa vibarua, kikiwamo cha kuosha vyombo. Ulipoingia mdororo mkuu wa uchumi na wenyeji wenyewe wakakosa kazi, Waziri wa Kazi, William Doak, alitoa amri mwaka 1932 ya kuwazuia wanafunzi wageni wasifanye kazi za ujira. Vita Kuu ya Pili ilipohitaji mikono, Kwame Nkrumah, aliyewasili mwaka 1935 na aliyewahi kuchuuza samaki Harlem, alipokelewa katika karakana ya kuunda meli huko Chester, Pennsylvania.

Mwezi Septemba 1959, wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani. Sisi huikumbuka sana ndege ile. Lakini nauli si ada, wala ada si chakula. Safari ilipokwisha, hesabu ya maisha ndiyo kwanza ilianza.

Mambo hayajabadilika sana. Australia iliondoa kikomo chake cha saa 40 kwa majuma mawili mwezi Januari 2022, wakati Korona ilipoleta uhaba wa wafanyakazi. Julai 2023 ikakirudisha, safari hii kikiwa saa 48. Kanada nayo ililegeza kikomo cha saa 20 za kazi nje ya chuo kuanzia Novemba 2022 hadi Aprili 2024, kisha mwezi Novemba mwaka huohuo ikaweka saa 24. Akili ya mwanafunzi haikupanuka wala kusinyaa katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni hitaji la mwenyeji.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Wanafunzi wanaoniomba barua za mapendekezo huniletea bajeti ambazo ujira wa kibarua umehesabiwa kuwa sehemu ya ada. Nawasihi wautoe humo. Ujira huo uwe wa nauli na mboga, kwa kuwa anayezidisha saa ili alipe ada huhatarisha viza, na akiipoteza hupoteza shahada pamoja nayo.

Kwa watumishi wa umma wanaosimamia ufadhili, neno langu ni moja: posho inayochelewa miezi mitatu humsukuma kijana kuvunja sheria ya ugenini. Kikomo cha saa huwekwa na wenyeji wao, nasi hatuna kura katika mabunge yao. Tarehe ya kutuma posho tunaipanga wenyewe.