Historia ya Udhaifu wa SYSRET katika Programu za Mashine Pepe, 2006–2012

Utangulizi

Tarehe 12 Juni 2012, mradi wa Xen, kampuni ya Microsoft na mradi wa FreeBSD walitoa kwa siku moja taarifa za kiusalama kuhusu udhaifu uliopewa namba CVE-2012-0217. Udhaifu huo ulimwezesha mtumiaji mwenye mamlaka madogo kujitwalia mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta. Hata hivyo, kosa la namna hiyohiyo lilikuwa limekwisha kuelezwa na kurekebishwa katika Linux miaka sita kabla. Insha hii inachunguza kwa nini ujuzi huo haukuwafikia wengine, na inahoji kuwa sababu mojawapo kubwa ni jinsi kosa lilivyoainishwa mwaka 2006.

Chimbuko la tofauti

Usanifu wa biti 64 wa vichakataji vya jamii ya x86 ulibuniwa na kampuni ya AMD, iliyoanza kuuza kichakataji cha Opteron mwaka 2003. Mwaka uliofuata, mshindani wake Intel aliupokea usanifu huo. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya kichakataji kimoja zilitarajiwa kufanya kazi katika kingine, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Tofauti ilijificha katika amri iitwayo SYSRET, ambayo kiini cha mfumo endeshi huitumia kuirudishia programu ya mtumiaji udhibiti wa kichakataji.

Katika usanifu huo, anwani za kumbukumbu zilitumia biti 48 tu kati ya 64, na anwani isiyofuata kanuni hiyo ilihesabiwa kuwa batili. SYSRET ilipoagizwa kurudi kwenye anwani batili, kichakataji cha AMD kilitangaza kosa baada ya kushuka hadi daraja la mtumiaji. Kile cha Intel kilitangaza kosa kabla ya kushuka, kingali na mamlaka yote ya kiini. Wakati huo kiini kilikuwa kimekwisha kurejesha thamani ya mtumiaji katika rejista inayoelekeza kwenye staki, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo data za muda huwekwa. Hivyo, kiini kilipoanza kulishughulikia kosa, kiliandika data mahali palipochaguliwa na mtumiaji. Aliyepachagua kwa hila aliweza kuharibu kumbukumbu ya kiini chenyewe na hatimaye kukitawala.

Onyo la mwaka 2006

Mwezi Aprili 2006, toleo la Linux 2.6.16.5 lilitoka likiwa na marekebisho ya kosa hilo, lililosajiliwa kwa namba CVE-2006-0744. Maelezo yake yalitaja waziwazi anwani batili na vichakataji vya Intel. Hata hivyo, bidhaa iliyotajwa kuwa na kasoro ilikuwa kiini cha Linux. Waandishi wa mifumo mingine hawakuwa na sababu ya kuisoma taarifa hiyo kama habari iliyowahusu. Kosa likawa la Linux. Tabia ya kichakataji iliyolizaa ikabaki bila mwenyewe.

Mgeni na mwenyeji

Athari zilikuwa nzito zaidi kwa Xen. Programu hii, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuelezwa katika makala ya mwaka 2003, huigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe kadhaa. Kompyuta yenyewe huitwa mwenyeji, na kila mashine pepe huitwa mgeni. Huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon, iliyoanza mwaka 2006, ilijengwa juu ya Xen. Biashara ya namna hiyo iliwaweka wapangaji wasiojuana katika kompyuta moja, kila mmoja akiutegemea ukuta asiouona.

Udhaifu alioubainisha mtafiti Rafal Wojtczuk ulihusu ukuta huo. Msimamizi wa mgeni wa biti 64, wa aina inayoshirikiana moja kwa moja na Xen bila kuigiziwa maunzi, aliweza kumtwaa mwenyeji wa Intel na, kupitia kwake, kuzifikia data za wageni wengine wote.

Mjadala wa uwajibikaji

Intel ilishikilia kuwa vichakataji vyake vilifanya kazi kama nyaraka zake zilivyoeleza, hivyo marekebisho yaliwapasa waandishi wa programu. Hoja hiyo haikosi ukweli, lakini haitoshelezi. Timu kadhaa zisizotegemeana zinapotumbukia katika shimo moja, uzembe wa kila timu hauwezi kuwa maelezo pekee. Ndani ya mradi wa Xen kwenyewe, tukio hilo lilizua mjadala wa hadharani kuhusu nani astahili kuarifiwa kabla ya umma, kwa kuwa watoa huduma waliopewa taarifa mapema waliweza kujikinga wakati wengine wangali gizani.

Hitimisho

Tiba ilikuwa nyepesi: Xen ilianza kuikagua anwani ya kurudia, na ilipokuwa batili, kutumia amri nyingine badala ya SYSRET. Wepesi huo unadhihirisha kuwa kilichokosekana kwa miaka sita hakikuwa uwezo wa kiufundi. Rejesta ya udhaifu iliyopangwa kwa majina ya bidhaa ilihifadhi tukio la mwaka 2006 kwa usahihi, lakini haikulifikisha kwa waliokuwa na kosa lilelile chini ya jina jingine. Historia ya SYSRET inaonesha kuwa kuweka kumbukumbu ya mahali kosa lilipoonekana hakutoshi, endapo chanzo chake hakikupewa nafasi katika kumbukumbu hiyo.