Kalamu ya Sayyida Salme

Muhula huu sisi wanachama tuliamua kutunga filamu fupi ya kuigiza juu ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Zanzibar. Tulidhani itakuwa kazi nyepesi: mapenzi, kutoroka usiku, machozi. Kumbe tulikwama kwenye onyesho moja.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto, akauzwa, akawa suria wa Seyyid. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Onyesho hilo sote tulilipenda.

Lakini tazama kalamu ile ilifanya nini. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15 hivi, aliwaandikia barua wafuasi wa kaka yake Barghash waliotaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Njama ikashindwa, watu wakafa, Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, Salme alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa, akaolewa, akaitwa Emily. Mumewe alikufa Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kitabu hicho ni hazina ya mambo ya Unguja, na kinawajibu Wazungu waliomdharau mwanamke wa Kiarabu. Ila kina sura ya utumwa, na humo mtoto wa mwanamke aliyenunuliwa anautetea utumwa. Anasema utumwa wa Mashariki usilinganishwe na wa Marekani, na kwamba Mwafrika hafanyi kazi asiposhurutishwa.

Hapo tuligawanyika. Wengine walisema sura hiyo tuiache, kwani kila mtu ni mtoto wa zama zake. Wengine tulijibu: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na aliyetia saini mkataba ni Barghash huyohuyo, ingawa kwa kulazimishwa na Waingereza. Salme aliandika miaka 13 baadaye. Alijua watu wanabishania nini, akachagua upande.

Tena jambo hili linatugusa hapa Maskati. Kiswahili chetu kimekuja na familia zilizorudi Oman, hasa baada ya mapinduzi ya 1964 na baada ya 1970. Tunajivunia lugha hii, lakini ni nadra kuuliza ni nani aliyewafundisha mababu zetu. Wengi walilelewa na yaya waliokuwa watumwa. Tukiifuta sura ile ya Salme, tunawafuta na wao. Na tukimfanya Salme shetani, tunajidanganya kwamba mwenye kosa alikuwa yeye peke yake.

Basi onyesho limebaki: Salme mezani Ujerumani, anaandika sura ile. Tulipomsimulia bibi wa mmoja wetu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Na mama yake mtamweka wapi, wajukuu zangu?”

Tumeamua filamu ianze na Jilfidan.