Santuri Ni Shahidi: Habari za Bendi ya Aerosmith

  Walimu wasaidizi, tafadhali hakikisheni kwamba kila mtu ana daftari na kalamu. Mwenye kusoma vizuri akae karibu na anayeanza, ili wasaidiane.

Katika masomo yaliyopita tulisoma habari za wafalme, vita na safari. Leo tutasoma habari za watu watano waliopiga muziki. Labda mtu atauliza, "Je, nyimbo nazo ni historia?" Naam, ni historia. Mfalme huacha nyuma yake barua na ngome. Mpiga muziki huacha santuri. Santuri ni shahidi. Lakini kama mjuavyo kutoka barazani, shahidi hasikilizwi tu, huulizwa maswali pia.

Nina sababu ya kuchagua habari hizi. Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, mtu mzima mwenye akili zake, aliniambia hivi: "Bwana Afisa, wanamuziki wakubwa wote hulewa. Ulevi ndio unaowapa nyimbo." Sikumjibu siku ile, maana sikutaka kumjibu kwa mahubiri. Leo nataka tumwulize shahidi.

Chombo chenyewe

Kwanza tukijue chombo. Santuri ni sahani nyembamba yenye mfereji mmoja mwembamba kama uzi, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati. Sindano hupita ndani ya mfereji huo na kutikisika, na mtikisiko ule hugeuzwa kuwa sauti. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, na kila upande huchukua dakika 20 hivi. Santuri ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika, nayo hubeba wimbo mmoja kila upande. Santuri ndefu ni kama kitabu. Santuri ndogo ni kama barua. Shikeni jambo hili, litatufaa mbele.

Mwanzo wao

Bendi ya Aerosmith ilianza mwaka wa 1970 katika mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Mwimbaji wake ni Steven Tyler, aliyezaliwa mwaka wa 1948, mwana wa mpiga piano. Mpiga gita, Joe Perry, alikuwa akifanya kazi katika mkahawa mmoja huko Sunapee, jimbo la New Hampshire, mahali ambapo watu wa mjini huenda kupumzika wakati wa joto. Wengine ni Tom Hamilton, mpiga gita la sauti nzito. Joey Kramer, mpiga ngoma. Na Brad Whitford, mpiga gita wa pili, aliyeingia mwaka wa 1971. Walikaa pamoja katika nyumba moja ya kupanga, wakifanya mazoezi na kupiga muziki katika shule na kumbi ndogo. Onyesho lao la kwanza lilikuwa katika shule moja ya Mendon, tarehe 6 Novemba, 1970.

Mwaka wa 1972 waliandikiana mkataba na kampuni ya santuri ya Columbia, na santuri yao ndefu ya kwanza ikatoka Januari, 1973. Ndani yake umo wimbo uitwao "Dream On". Ulipotolewa katika santuri ndogo mwaka ule, ulifika nafasi ya 59 tu katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa Marekani. Kampuni ilipoutoa tena, ulifika nafasi ya 6 mwaka wa 1976. Wimbo ni ule ule, na sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni nini? Ni watu. Katika miaka ile mitatu bendi ilikuwa imezunguka mji kwa mji, na wasikilizaji walikuwa wamekwisha kuijua. Basi hapa shahidi atufundisha jambo la kwanza: kutofaulu mara ya kwanza si hukumu ya mwisho.

Deni la muziki

Muziki wao huitwa roki nzito: magita makali, ngoma kubwa, na mwimbaji anayepaza sauti juu ya vyote. Lakini muziki huo haukuota wenyewe kama uyoga. Mzizi wake ni bluzi, muziki wa Waamerika weusi, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika. Santuri yenyewe inakiri. Katika santuri ya kwanza umo wimbo wa Rufus Thomas, mwimbaji mweusi. Katika ya pili, Get Your Wings ya mwaka wa 1974, umo wimbo uitwao "Train Kept A-Rollin'", uliotiwa kwanza katika santuri mwaka wa 1951 na Tiny Bradshaw, kiongozi wa bendi, mtu mweusi pia. Andikeni neno "deni" katika daftari. Tutalirudia.

Kupanda

Santuri ya tatu, Toys in the Attic, ilitoka mwaka wa 1975. Hiyo ndiyo iliyowatoa gizani, na mpaka leo zimenunuliwa zaidi ya nakala milioni 8 Marekani peke yake. Ndani yake umo wimbo "Walk This Way". Husimuliwa kwamba Bwana Tyler aliandika maneno ya wimbo huo katika karatasi, kisha akazisahau karatasi ndani ya teksi. Ikambidi aende kwenye ngazi za jengo na kuyaandika upya, na kwa kuwa alisahau kuchukua karatasi aliandika ukutani. Ninyi mnaojifunza kuandika, mwaona kwamba kalamu humwokoa hata mwimbaji.

Mwaka wa 1976 ikaja Rocks, ambayo sehemu yake kubwa ilitiwa sauti katika bohari walilofanyia mazoezi huko Waltham, karibu na Boston. Vijana wengi waliokuja kuwa wapiga magita wakubwa baadaye, kama Slash wa bendi ya Guns N' Roses, wamesema kwamba santuri hiyo ndiyo iliyowavuta kwenye muziki.

Kuanguka

Hapa sina budi kusema kweli yote. Wakati wa Rocks watu hawa walikuwa wamekwisha kuanza kutumia madawa ya kulevya. Mwanafunzi wangu angeweza kusema, "Unaona? Walilewa na santuri ikawa nzuri." Ngojeni kwanza.

Mwaka uliofuata, 1977, walikwenda kutayarisha santuri ya tano, Draw the Line, katika jumba lililokuwa zamani nyumba ya watawa, karibu na New York. Walikuwa na fedha, nafasi na wakati. Lakini siku zilipita katika ulevi na kazi ikavutavuta miguu. Mwaka wa 1979, baada ya onyesho mjini Cleveland, wake wa wachezaji wawili waligombana nyuma ya jukwaa, na bilauri ya maziwa ikamwagwa. Jambo dogo! Lakini nyumba iliyokauka huwaka kwa cheche moja. Waume wakaingia katika ugomvi, na Joe Perry akaondoka kabla santuri ya Night in the Ruts haijakwisha. Mwaka wa 1981 Brad Whitford naye akaondoka. Rock in a Hard Place, ya mwaka wa 1982, ilitengenezwa na watu wengine katika viti vyao, na haikununuliwa kama zile za zamani.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tangu 1973 mpaka 1977, muda wa miaka 5, walitoa santuri ndefu 5 za nyimbo mpya. Tangu 1978 mpaka 1986, muda wa miaka 9, walitoa 3 tu. Shahidi anaanza kusema.

Wasaidizi wasiotazamiwa

Mwaka wa 1984 wale wawili walirudi, na watano wakawa pamoja tena. Walihamia kampuni ya Geffen, wakatoa Done with Mirrors mwaka wa 1985, lakini haikuvuma. Watu wengi walidhani habari yao imekwisha.

Mwaka wa 1986 likatokea jambo. Mjini New York walikuwapo vijana watatu weusi walioitwa Run-D.M.C., waimbaji wa rapu, yaani kusema maneno kwa mapigo badala ya kuyavuta kwa sauti. Vijana hao walikuwa na desturi ya kurudiarudia mapigo ya ngoma yaliyo mwanzoni mwa "Walk This Way" na kusema maneno yao juu yake. Hata jina la bendi iliyopiga hawakulijua vizuri. Rick Rubin, msimamizi wa kazi yao, aliwashauri waimbe wimbo wote, tena pamoja na wenyewe. Tyler na Perry wakaja. Wimbo huo ulifika nafasi ya 4 Marekani, ambapo ule wa kwanza ulifika nafasi ya 10 mwaka wa 1977. Katika filamu yake fupi, makundi mawili yako katika vyumba viwili, na Tyler anatoboa ukuta ulio kati yao.

Fungueni madaftari mtazame lile neno "deni". Bendi ya wazungu iliyokua kwa muziki wa watu weusi iliinuliwa tena na vijana weusi. Wengi husimulia kwamba Aerosmith waliisaidia rapu kuingia katika nyumba za wazungu. Ni kweli. Lakini tusisahau upande wa pili: wakati ule vijana walikuwa wakipanda, na wazee walikuwa wakizama. Aliyeshikwa mkono ni nani?

Kupanda tena

Mwaka ule ule wa 1986 wenzake Tyler na meneja wao walimketisha wakamwambia wazi kwamba lazima aende kutibiwa. Alikwenda, na wengine wakafuata. Kisha wakaenda Vancouver, nchini Kanada, wakatengeneza Permanent Vacation chini ya usimamizi wa Bruce Fairbairn. Ilitoka mwaka wa 1987 ikanunuliwa kwa mamilioni. Pump ikafuata mwaka wa 1989, na Get a Grip mwaka wa 1993, iliyokuwa ya kwanza kati ya santuri zao kushika nafasi ya kwanza Marekani.

Wakati huu chombo nacho kilikuwa kimebadilika. Ilikuwapo sahani ndogo ing'aayo, iitwayo sidii, isomwayo kwa mwanga badala ya sindano, iwezayo kubeba dakika 74. Rocks ilikuwa na nyimbo 9. Get a Grip inapita muda wa saa nzima. Tena mwezi wa Juni, 1994, kampuni yao iliweka wimbo wao mmoja, "Head First", katika mtandao wa kompyuta, watu wauchukue bila kulipa. Huo ulikuwa kati ya nyimbo za kwanza kabisa za kampuni kubwa kutolewa kwa njia hiyo. Siku hizi muziki mwingi husafiri hivyo.

Mwaka wa 1998 wimbo wao "I Don't Want to Miss a Thing", uliotungwa na Bibi Diane Warren kwa ajili ya filamu, ulishika nafasi ya kwanza kwa majuma manne. Walikuwa na umri wa miaka 28 kama bendi, na hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kufika kileleni kwa wimbo mmoja. Mwaka wa 2004 walitoa Honkin' on Bobo, karibu nyimbo zote zikiwa za bluzi za kale. Walirudi kuusalimu mzizi. Santuri yao ndefu ya 15 iliyotengenezwa studioni ilitoka mwaka wa 2012.

Septemba, 2023, koo la Bwana Tyler liliumia katika safari ya kuagana na wasikilizaji, na Agosti, 2024, bendi ikatangaza kwamba haitafanya ziara tena. Mwaka wa 2025 walitoa santuri fupi pamoja na Yungblud, kijana Mwingereza.

Jibu la shahidi

Basi, ulevi ndio uliowapa nyimbo? Ustadi wao waliupata kwa miaka ya mazoezi katika nyumba ya kupanga na shule ndogo, kabla ya fedha. Ulevi ulikuta ghala limejaa, ukala. Walipoacha, walifanya kazi tena.

Lakini tusimwongezee shahidi maneno. Baada ya 1987 walitumia sana watungaji wa kukodiwa, na wako wasikilizaji wanaosema kwamba Rocks inazipita zote zilizofuata. Huenda ni kweli. Tena vita havikwisha siku moja: mwaka wa 2009, na tena 2022, Bwana Tyler aliingia kutibiwa upya. Santuri haisemi kwamba mtu asiyelewa hutunga vizuri zaidi. Inasema kwamba ulevi uliwatenga marafiki, ukapoteza miaka, na kwamba waliorudi walirudi kwa sababu wenzao waliwaambia kweli usoni. Hilo ndilo jibu langu kwa mwanafunzi wa darasa la jioni, nami namshukuru kwa kuuliza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini "Dream On" ilifaulu mara ya pili?
2. Eleza maana ya "deni" katika somo hili.
3. Hesabu: tangu 1973 mpaka 2012 ni miaka mingapi? Gawanya kwa santuri 15.
4. Je, umewahi kumwambia rafiki kweli iliyomwuma lakini ikamsaidia? Andika sentensi tano.

Kwaherini mpaka juma lijalo, tutakapoendelea na historia.